Cheti cha haki jinai komyuniti koleji Marekani: nilichokipenda na nilichokasirikia

Kwanza kabisa tuelewane, hiki cheti cha haki jinai (criminal justice) nilichosomea komyuniti koleji, yaani chuo cha umma cha masomo ya mpaka miaka miwili, hakikufanyi uwe polisi. Nalisema mapema kwa sababu nimekaa darasani na watu wazima, wenye familia zao, ambao semesta inafika katikati bado wanaamini wakimaliza tu wanavishwa beji. Hapana jamani. Marekani kila jimbo lina bodi yake inayoweka masharti ya upolisi, sehemu nyingi inaitwa POST, Texas inaitwa TCOLE, na ili uapishwe lazima upite akademi inayotambuliwa na hiyo bodi, na huko ndo kwenye mbio, kulenga shabaha, kuendesha gari la doria na mengine yote. Kinachowachanganya watu ni kwamba akademi yenyewe wakati mwingine iko ndani ya koleji hiyohiyo, North Carolina kwa mfano mafunzo ya msingi ya polisi yanatolewa na komyuniti koleji nyingi tu, kwa hiyo jengo ni moja, paking ni moja, huyu yuko akademi yule yuko kwenye cheti na karatasi wanazotoka nazo hazifanani hata kidogo. Na Minnesota huko kwa kawaida leseni ya upolisi hupati bila digrii, angalau ile ya miaka miwili.

Sasa cheti ni cha nini? Ni kozi fupi, nyingi zinaisha ndani ya mwaka, unasoma utangulizi wa haki jinai, sheria ya jinai, taratibu za ushahidi, magereza, watoto walioingia kwenye mikono ya sheria, upelelezi, maadili na uandishi wa ripoti.

Na hiyo ya uandishi wa ripoti ndo naisifia kwa moyo wote, yaani kama ingekuwa inauzwa peke yake ningesema nunua. Mwalimu wetu alikuwa mpelelezi mstaafu, anatuwekea video ya gari limesimamishwa barabarani usiku, inaisha, anasema andikeni. Basi sote tukaandika dereva alikuwa amelewa. Akapita meza kwa meza na kalamu nyekundu anakata neno hilohilo kila karatasi, "umejuaje? umeona nini?" Macho mekundu umeyaona, andika. Ameshika mlango asianguke, andika. Amerudia swali mara mbili kabla ya kujibu, andika. Kulewa hujakuona, hilo ni hitimisho lako, na wakili wa utetezi ataanzia hapohapo. Halafu saa ya tukio, nani alikuwa amesimama wapi, maneno ya mtu yaandikwe kama alivyoyasema. Kwa sisi ambao Kiingereza tumejifunzia ukubwani hili somo lina faida mara mbili, maana halitaki maneno makubwa, linataka sentensi fupi zenye kitu ndani, na ukilishika unaweza kuandika ripoti nzuri kuliko mtu aliyezaliwa na hiyo lugha.

Darasa la sheria nalo lilikuwa zuri, japo kusoma ni kwingi. Tulikaa muda mrefu kwenye kesi ya Terry dhidi ya Ohio ya 1968, ile ya mpelelezi wa Cleveland aliyewaona wanaume wanapita mbele ya duka, wanachungulia, wanarudi, akawapapasa nje ya nguo akakuta bastola. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kumpapasa mtu kwa kuhofia silaha kunaruhusiwa kama askari ana sababu anazoweza kuzieleza, hata kama hazijafikia kiwango cha kumkamata. Mpaka hapo nilikuwa sijui kwamba kusimamishwa, kupapaswa, kupekuliwa na kukamatwa ni vitu vinne tofauti na kila kimoja kina kiwango chake. Na ile ya Gault ya 1967 iliniuma kama mzazi, kijana wa miaka 15 Arizona anatuhumiwa kupiga simu ya matusi, anapelekwa shule ya marekebisho mpaka ikibidi afike miaka 21, wakati mtu mzima kwa kosa hilo angelipa faini isiyozidi dola 50 au jela isiyozidi miezi miwili. Kesi hiyo ndo iliyowapa watoto haki ya wakili. Natamani kila mzazi mgeni nchi hii aijue hiyo.

Kitu kingine kilichonifungua macho ni zoezi la kupokea simu za 911, namba ya dharura ya Marekani. Unavaa hedifoni, mtu anapiga kelele upande wa pili, wewe unataip huku unasikiliza, na swali la kwanza ni uko wapi, kabla hata ya kuuliza kuna nini, kwa sababu simu ikikatika angalau una mahali pa kutuma gari. Wengi kwetu hawaifikirii hii kazi kabisa, na idara nyingi hazidai digrii, ukiajiriwa wanakufundisha wenyewe. Ukijua Kiingereza na Kiswahili au lugha nyingine yoyote ya ziada, usiache kuiandika kwenye maombi.

Sasa malalamiko. Mshauri wa wanafunzi wa koleji yetu alikuwa anawaambia watu cheti kitawafikisha kwenye kazi ya afisa wa probesheni, yule anayesimamia watu wanaotumikia adhabu nje ya jela. Hili limenikasirisha na bado linanikasirisha, maana kwa probesheni sehemu nyingi wanataka digrii ya miaka minne, na serikali kuu ndo kabisa, bila hiyo hawakuangalii. Kuna dada tulisoma naye alipanga maisha yake kwa maneno hayo. Somo la magereza nalo lilikuwa la onlaini, video za zamani na maswali ya kuchagua, hakuna hata ziara moja ya jela, na magerezani ndo sehemu ambayo wahitimu wengi wanapata ajira! Hapo koleji ilituangusha.

Hela: bei inatofautiana sana, California mkazi analipa dola 46 kwa krediti (kipimo cha uzito wa somo), kwa hiyo cheti cha krediti 24 ni dola 1,104 kabla ya vitabu, kwingine ni zaidi. Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, hata kama unadhani hupati, mwenye grinikadi, mkimbizi na aliyepewa hifadhi wote wanaruhusiwa kuomba, na Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, kwa mwaka wa 2025-26 inafika dola 7,395 na hairudishwi kama mkopo. Ila angalia urefu wa programu, Pell ya kawaida kwa cheti inataka angalau wiki 15 na krediti 16, na kuna koleji zinatoa vyeti vifupi kuliko hapo halafu hawakuambii mpaka bili ije.

Jambo la uraia pia uliza mapema. Majimbo mengi polisi lazima awe raia, California tangu 2023 wanakubali mwenye kibali halali cha kufanya kazi. Na historia yako itachunguzwa, kosa la jinai kubwa linakunyima kushika bunduki kwa sheria ya nchi nzima, na tangu 1996 hata kosa dogo la kumpiga mwenza linakunyima bunduki vilevile, sasa kazi ya kubeba silaha utaifanyaje. Magereza ya serikali kuu kwa kawaida wanataka uwe umeingia kazini kabla hujatimiza miaka 37.

Kwangu mimi, anayetaka jela ya kaunti, 911, usalama wa hospitali au chuo, kazi za karani mahakamani, namwambia asome, nyota nne. Anayetaka upolisi moja kwa moja apige simu idara anayoitaka aulize wanapokea akademi ipi, wengine wanakuajiri kwanza na kukulipa ukiwa mafunzoni, cheti hapo ni kupoteza muda. Na anayewaza probesheni achukue digrii ya miaka miwili inayohamishika, aombe kwa maandishi krediti zipi zitapokelewa na chuo kikuu anachokitaka, na hiyo barua aipate kutoka chuo kikuu chenyewe, si kwa mshauri wa koleji.