Vinywaji kwenye meli ya kitalii kutoka Galveston: nyota mbili kati ya tano

Chakula nyota tano. Kabini nyota tano, na mhudumu wake ningempa sita kama zingekuwepo. Vinywaji nyota mbili, na ya pili nimeitoa kwa ajili ya barafu ya bure. Naandika kuhusu vinywaji peke yake kwa sababu hapo ndipo wasafiri wanapogombana na walinzi kabla meli haijang'oa nanga, na sehemu kubwa ya ugomvi huo inatokana na kutojua kipi kinapita, kikiwa kwenye chombo gani, ndani ya begi lipi.

Meli ninazozungumzia ni zile kubwa za wiki moja zinazotoka Galveston, Texas, kwenda Cozumel na Costa Maya (Mexico) na Roatán (Honduras). Kwa Wakenya na Watanzania wa Houston au Dallas zina raha yake, kwani hakuna habari za nauli ya ndege wala kupimiwa uzito wa sanduku. Unapakia gari, unaendesha hadi bandarini, basi. Mtego uko hapohapo. Mtu aliyezoea kujaza buti maji na soda kila anapotoka na familia anadhani na huku ni vilevile.

Kanuni si moja kwa kampuni zote. Carnival walibadilisha ya kwao Julai 2015: chupa za maji na soda, za plastiki na za kioo, zikakatazwa. Kilichobaki ni makopo au paketi za karatasi zisizozidi 12 kwa kila abiria, kila kimoja kisizidi mililita 355, pamoja na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 kwa mwenye miaka 21 na zaidi. Norwegian wakafuata Julai 2016 na wao wakafunga mlango kabisa kwa maji na soda. Walichosaza ni maji yaliyokenekwa au kusafishwa, kwa ajili ya kuchanganyia maziwa ya watoto wachanga au kwa wanaolala na mashine ya kupumulia. Mvinyo kwao unaingia, ila kila chupa unailipia. MSC hawataki kinywaji chochote cha nje. Disney wamelegeza: mtu mzima anapita na chupa mbili za mvinyo au bia sita, na bandari inayofuata anaweza kuingia na nyingine. Viking, ambao hawachukui watoto, hawakusumbui kabisa. Regent na Silversea wameshaingiza vinywaji kwenye nauli, na ukiiona hiyo nauli utaelewa. Kampuni hubadilisha masharti haya bila kelele, kwa hiyo soma ukurasa wa kampuni yako wiki ileile unayosafiri, usitegemee alichokuambia shemeji aliyepanda mwaka juzi.

Kikomo cha pombe sina ugomvi nacho. Mhudumu wa baa akiona mtu amezidiwa anaweza kumkatalia glasi inayofuata, ila chupa iliyofichwa kabatini haina wa kuisimamia, na baharini hakuna wa kumpigia simu aje amchukue mtu wake. Linaloniudhi ni maji na soda. Sababu iliyotolewa ni kwamba watu walikuwa wanamwaga maji kwenye chupa, wanajaza vodka au jini, wanarudisha kifuniko kwa gundi, na kukagua chupa mojamoja kulichelewesha foleni. Hilo ni kweli. Kopo likishafunguliwa halifungiki tena, ndiyo maana kopo linapita na chupa haipiti. Lakini kuna hesabu nyingine nyuma ya pazia: takriban theluthi moja ya mapato ya kampuni kubwa kama Carnival na Royal Caribbean hutokana na vitu ambavyo abiria ananunua akishapanda, vinywaji vikiwemo. Anayeumia zaidi ni asiyegusa pombe. Familia ya Kiislamu au ya walokole yenye watoto wanne inabanwa kwa sababu ya vodka ya jirani.

Sasa utaratibu wenyewe. Nje ya jengo la abiria wachukuzi wanapokea masanduku makubwa. Hayo yanapita eksrei mahali usipopaona, na utayakuta mlangoni mwa kabini baada ya saa kadhaa. Begi la mkononi unapita nalo mwenyewe. Vinywaji vyote halali viwe kwenye begi la mkononi, na kwa kampuni nyingi ni siku ya kupanda tu. Hapa ndipo wengi wanapopoteza: mvinyo wao ni halali, idadi ni halali, ila wameuweka kwenye sanduku kubwa ili wasibebe uzito. Sanduku linazuiliwa. Jioni, wenzako wakiwa mezani, wewe unaitwa chini kwa walinzi, unapanga foleni, unalifungua mbele yao na kueleza. Soda nazo zina balaa lake. Masanduku yanatupwa na kulaliana kwenye matoroli, na jua la Texas wakati wa kiangazi halina huruma, kwa hiyo kopo moja likipasuka linalowesha nguo za wiki nzima.

Acha makopo kwenye boksi lake la dukani, lisifunguliwe. Boksi moja la makopo 12 ni lita 4.26, yaani kilo nne na ushee pamoja na bati lake, hivyo chukua begi lenye magurudumu au lenye mkanda mpana. Ukishapita eksrei kuna meza ya chuma. Mlinzi mwenye glavu anaitoa chupa ya mvinyo, anaiinamisha, anatazama karatasi iliyozunguka shingo yake kama imechanika, kisha anasoma mililita. Sanduku la karatasi lenye mvinyo wa lita tatu halipiti hata kama ndilo pekee ulilobeba, kwa kuwa kanuni inataja chupa. Chagua chupa yenye kifuniko cha kuzungusha ili usihangaike kutafuta kizibuo.

Kuhusu kuficha: usijisumbue. Madukani mtandaoni kuna vifuko laini vya plastiki, ndugu wa viroba vilivyopigwa marufuku Tanzania Machi 2017, vinavyouzwa kwa ahadi kwamba eksrei haivioni. Inaviona. Mashine hizi zinapaka rangi ya machungwa vitu kama chakula, nguo na vimiminika, na vyuma vinakuwa bluu. Nguo inaonekana hafifu na yenye mikunjo, kifuko cha kimiminika ni doa zito la rangi moja lenye kingo laini. Kilichobaki ni mlinzi kuamua kama ni shampuu au siyo, na kufungua akanuse si kazi kubwa. Konyagi iliyokaa kwenye chupa ya shampuu nayo ina ladha ya sabuni hata ukisuuza mara ngapi. Kampuni zinatofautiana katika adhabu. Carnival wanasema wazi kwamba kilichokamatwa kinatupwa bila fidia. Royal Caribbean pombe iliyokamatwa siku ya kupanda hawairudishi. Na mkataba wa tiketi, ule ambao hakuna anayeusoma, unaipa kampuni haki ya kumteremsha abiria.

Tuje kwenye fedha. Mvinyo uliokuja nao ukiunywa kwenye ukumbi wa chakula unatozwa ada ya kufungua chupa. Carnival na Norwegian kwa muda mrefu wametoza dola 15 kwa chupa ya mililita 750. Kwa Carnival ukinywea kabini hulipi kitu. Kwa Norwegian unalipa popote utakaponywea. Hata ukiilipa ada hiyo bado unaweza kuwa na nafuu: mvinyo wa dola 12 wa dukani unakuwa 27, wakati chupa ya dola 40 ya melini inafika 47.20 ukiongeza asilimia 18 ya bakshishi. Asilimia hiyo (kwingine ni 20) inaongezwa yenyewe kwenye kila kinywaji, halafu karatasi ya kusaini inakuja na nafasi nyingine ya kuandika bakshishi. Ukiijaza umelipa mara mbili. Nafasi hiyo iache wazi, au uandike kitu ukijua unafanya nini.

Kifurushi cha vinywaji vya pombe ndicho kinachouzwa kwa nguvu zaidi. Bei hubadilika kila safari, kwa hiyo fanya hesabu yako mwenyewe kwa mfano huu. Kifurushi cha dola 70 kwa siku pamoja na asilimia 18 ni 82.60. Kokteli ya dola 14 na asilimia zake ni 16.52, kwa hiyo unahitaji tano kila siku ndipo fedha yako irudi, au bia tisa kama bia ni dola nane. Kila siku, pamoja na zile unazoshinda ufukweni Cozumel ambako kifurushi hakifanyi kazi. Kwa siku saba ni dola 578.20. Kisha linakuja lile sharti la watu wazima wote wa kabini moja kukinunua, kwa hiyo mume anayekunywa na mke asiyekunywa wanatoa 1,156.40. Mkiwa katika hali hiyo, piga simu kabla ya safari, eleza kwamba mwenzako hanywi kwa sababu ya dini, ujauzito au dawa, na uombe awekewe kifurushi cha vinywaji visivyo na kileo. Ombi hilo lifanywe kwa simu, kwa maana tovuti haina pa kuliandika, na wakikubali omba walithibitishe kwa barua pepe. Anayekunywa glasi mbili tatu kwa siku alipie mojamoja.

Maji ndiyo sehemu ambayo watu wanapoteza fedha bure. Maji ya bombani melini ni salama. Mengi yanatengenezwa humohumo kutokana na maji ya bahari, kwa kuchemshwa na kuvukizwa au kusukumwa kwenye vichujio, kisha yanatiwa klorini. Meli zinazotia nanga Marekani kutoka nje zinakaguliwa na CDC, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, na kanuni zake zinataka klorini isipungue miligramu 0.2 kwa lita hadi kwenye bomba la mwisho kabisa. Kinachowakimbiza watu ni harufu tu. Jaza jagi usiku, liache wazi kwenye friji, na asubuhi harufu imepungua sana. Njoo na chupa tupu ya chuma, hiyo hakuna anayeizuia. Ila kwenye mashine za maji za bufee usiingize mdomo wa chupa yako chini ya bomba. Jaza glasi safi, kisha mimina kwenye chupa. Virusi vya tumbo melini vinasambaa kwa vitu vidogo kama hivyo. Anayetaka maji ya chupa ni bora aagize kupitia akaunti yake kabla ya safari, nayo yatawekwa kabini. Akinunua chupa mojamoja kwenye baa ataumia.

Chai, kahawa ya kawaida, maji ya limau na juisi za asubuhi ni bure. Chai ya kwetu ni suala jingine. Meli za soko la Marekani hazina birika la umeme kabini, na ukija na lako linazuiliwa kwa hofu ya moto (meli za Waingereza kama P&O wanakuwekea). Majani makavu, tangawizi ya unga na iliki vinapita bila neno vikiwa kwenye paketi za dukani. Maji ya moto yako bufee, na maziwa ya moto ukimwomba mhudumu wa kahawa kwa adabu anakupa. Chai ya kuchemshia kwenye sufuria sahau kwa wiki moja.

Friji ya kabini usiitegemee kugandisha. Inapooza tu, na mara nyingi imejaa vinywaji vya kuuza. Mwombe mhudumu wa kabini avitoe ili makopo yako yapate nafasi, na pia usije ukatozwa soda iliyonywewa na mtoto. Mwambie alete ndoo ya barafu asubuhi na jioni. Kopo likizikwa kwenye barafu yenye maji kidogo linakuwa baridi ndani ya nusu saa hivi, mapema kuliko friji hiyo itakavyofanya kutwa nzima.

Ukinunua tequila Cozumel, unaikabidhi kwa walinzi ukirudi melini, unapewa stakabadhi, na inarudishwa mwisho wa safari. Pombe ya duka la melini ni vilevile. Tunza stakabadhi hiyo, na kumbuka ratiba: usiku wa mwisho masanduku makubwa yanatolewa nje ya mlango ili yachukuliwe, na chupa mara nyingi zinakufikia yakiwa yameshaondoka. Bakiza begi lenye nafasi na taulo au sweta ya kuzifungia. Forodha ya Marekani inaruhusu lita moja bila ushuru kwa mwenye miaka 21, ndani ya msamaha wa dola 800 wa mizigo. Galveston kuna na dirisha la pili, la mamlaka ya vileo ya jimbo, TABC, ambako unalipa kodi ya Texas kwa kila chupa hata kama forodha wamekupitisha. Anayerudi nyumbani kwa gari amemaliza hapo. Anayekwenda kupanda ndege uwanja wa Hobby, Houston, asogee pembeni, afungue sanduku kubwa na azihamishie chupa humo, kwani uwanja wa ndege hawapitishi kimiminika cha zaidi ya mililita 100 kwenye begi la mkononi, na kule wakikuchukulia hakuna stakabadhi.