Miwani ya uhalisia pepe ya kupimia ukali: data nzuri, alama ya kutupa

Seti hii ya kupimia ukali, yaani mwelekeo wa mtu kumshambulia mwingine, ina miwani, vidhibiti viwili vya mkononi na programu yenye tukio kuu moja: uko kwenye foleni, mhusika pepe anakutukana, kisha anakusukuma. Vifaa sina ugomvi navyo. Ninayoikataa ni ile "alama ya ukali" inayotoka mwishoni, kwa sababu inajumlisha kasi ya mkono, sauti na umbali kuwa namba moja. Aliyeshtuka akajikinga anaonekana sawa na aliyetaka kupiga! Mimi hutoa faili ghafi la mwendo na kusoma sentimita: nani alisogeza mwili mbele, nani aliurudisha nyuma, baada ya sekunde ngapi.

Washa pia tukio tulivu lisilo na uchokozi, ambalo limefichwa kwenye mipangilio. Bila hilo huwezi kutenganisha haiba (tabia ya kudumu ya mtu) na hisia za papo hapo. Wepesi wa kukereka huendana na ukali hata pasipo uchokozi, ilhali hulka ya hasira huonekana hasa mtu akichokozwa. Hojaji ya wanasaikolojia Buss na Perry ya 1992 (maswali 29: ukali wa mwili, wa maneno, hasira, uhasama) ijazwe siku chache kabla. Ukiijazisha mlangoni, mshiriki anaingia akijua unachotafuta.

Kupima jasho la ngozi ndiko kunakosumbua zaidi. Vitambuzi vya vidoleni hubanwa na kidhibiti, grafu ikajaa miruko ya uongo, hivyo vibandike kwenye unyayo na mshiriki asimame palepale. Ngozi huitikia sekunde 1 hadi 4 baada ya tukio, na programu imeacha sekunde 3 tu kati ya tusi na msukumo, kwa hiyo mawimbi mawili yanapandana. Ongeza ziwe 12. Hata hapo, jasho linakuambia mtu amesisimka, halikuambii kama ni hasira au woga. Muulize akishavua miwani.

Zima kutembea kwa kijiti cha kidhibiti. Macho yanaona mwendo, sikio la ndani halihisi mwendo wowote, na kichefuchefu kinaanza. Mshiriki aliyechafukwa hutoka jasho, nawe ukaliandika kuwa ni hasira. Dakika 10 ndani ya miwani zinatosha. Rekebisha umbali wa lenzi kwa kila mtu, na mpe neno la kusimamisha tukio kabla hajavaa.

Nyota 3 kati ya 5. Wakiondoa ile alama, ya nne naiongeza.