Uzoefu wangu: seti mbili za matairi ndani ya mwaka mmoja

Seti ya kwanza niliivua ikiwa bado na meno tele. Haikuwa imeisha, haikuwahi kupata pancha hata moja, na aliyeichukua alinitazama kama mtu aliyepungukiwa. Niliivua kwa sababu haikuwa ya gari langu. Nitaeleza zote mbili, ile niliyokosea na hii ninayotembelea sasa, ambayo imefikisha kilomita 11,000.

Gari ni saluni ya kawaida niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na ilikuja na matairi vipara. Siku ya kuyabadilisha nilifanya wanachofanya wengi: nikachuchumaa, nikasoma namba ubavuni mwa tairi kuukuu, nikaiandika kwenye simu, huyo dukani. 205/65R15. Muuzaji akaisoma, akalitazama gari, akasema, "Bosi, weka 215 kabisa, gari linyanyuke. Ringi ni ileile 15." Akanitolea matairi yenye kashata kubwa, yale meno mapana unayoyaona kwa mbali ukadhani gari la shambani. Yalipendeza kwelikweli. Nikalipa.

Wiki ya kwanza sikuona tatizo. Ya pili nikaanza kusikia mvumo, kama nyuki ndani ya mzinga, unapanda kadiri mwendo unavyopanda. Nikaongeza sauti ya redio. Steringi ikawa nzito wakati wa kuegesha. Mafuta nayo yakawa hayakai. Kilichonizindua ni safari tuliyokwenda watu watano na mizigo. Kila kona kali, kwaruu! Kitu kinasuguliwa upande wa mbele, na harufu ya mpira uliopata moto inaingia ndani. Tulipofika nikakata steringi hadi mwisho, nikaingiza mkono nyuma ya gurudumu. Ile plastiki inayofunika ndani ya madigadi ilikuwa imelika hadi inang'aa kama mpini wa jembe uliozoea mkono. Vidole vikatoka na unga mweusi.

Nikafunua zulia la buti nitafute tochi. Chini yake kulikuwa na tairi la akiba ambalo tangu ninunue gari sikuwahi kulitazama. Halijagusa lami hata siku moja. Bado lina vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani. Ubavuni limeandikwa 195/65R15 91H. Nikaenda kufungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo, chini ya kitasa kinapobana, kuna kibandiko ninachokipita kila siku nikiingia na kutoka: 195/65R15 91H, na chini yake kiwango cha upepo wa mbele na wa nyuma. Kumbe aliyekuwa na gari kabla yangu alipanda ngazi moja, nami nikapanda ya pili juu yake.

Usiku huo nikakaa na kalamu. Namba ya kwanza, 195, ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, 65, wengi tunadhani nayo ni kipimo cha peke yake, kumbe ni asilimia: urefu wa ubavu ukilinganishwa na upana. Mtego uko hapo. Ukiongeza upana na kuiacha 65 ilivyo, ubavu nao unarefuka bila kukuaga. 195 mara 0.65 ni karibu milimita 127. Ubavu wa juu na wa chini, 254 hivi. Ringi ya inchi 15 ni milimita 381. Jumla unapata tairi lenye kipenyo cha kama milimita 635. Lile langu la 215 linatoka 660 na ushee. Limezidi kwa asilimia 4.

Asilimia 4 kwenye karatasi ni kidogo. Barabarani maana yake ni kwamba gari likihesabu kilomita 100, mimi nimekwenda 104, na spidomita nayo inadanganya kwa kiwango hichohicho. Sehemu ya yale mafuta "yasiyokai" ilikuwa hesabu ya uongo tu, ingawa matairi mazito yenye meno makubwa nayo yanakula. Na kule kunyanyuka nilikoahidiwa? Kipenyo kimeongezeka milimita 26, lakini gari linapanda kwa nusu yake tu, 13, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli, inakaribia madigadi. Kwa milimita 13, upana wa kidole kimoja, nikanunua kelele, usukani mzito na plastiki iliyolika.

Sisemi saizi ya kibandiko ni sheria ya mbinguni. Mtu akitaka ringi 16, 205/55R16 ina kipenyo cha kama milimita 632, karibu sawa kabisa na 195/65R15, na kuna magari yanayotaja saizi zote mbili kwenye kibandiko kimoja. Ringi imekua, ubavu umepungua, jumla imebaki palepale. Gari halitahisi tofauti ya kipenyo, ila mashimo utayahisi zaidi kwa sababu mpira wa kuyameza umepungua. Mimi nimebaki na 15.

Duka la pili nilikwenda na picha ya kibandiko. Muuzaji, kijana mchangamfu, akasema 195 zimeisha ila ana 185/65R15, "ni ileile tu, hutaona tofauti." Safari hii nilikuwa nimesoma ile namba ya mwisho ambayo mwanzoni niliidharau. 91 ni uwezo wa kubeba: kilo 615 kwa tairi moja. Aliyonishikia ilikuwa na 88, yaani kilo 560. Kilo 55 pungufu kila gurudumu, na mimi ndiye wa safari za watu watano na buti limejaa. Nikamshukuru. Herufi inayofuata ni mwendo wa juu kabisa tairi linaouvumilia: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240. Sijawahi kukaribia huko wala sina mpango, lakini sikushuka chini ya H, kwa kuwa herufi hiyo inakupa picha ya jinsi tairi linavyostahimili joto.

Duka la tatu walikuwa nayo, 195/65R15 91H, manne. Hapa ningepigwa tena kama si lile la akiba lililonifundisha kugeuza. Matairi mengi yana maandishi yanayoanza na DOT, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo usipoziona usikubali kuambiwa hazipo, ligeuze. Matatu yalisomeka 0924, wiki ya 9 ya 2024. La nne 3119. Mpira wa 2019, umekaa stoo miaka mitano, unauzwa bei ileile na wenzake. Nilipomwonyesha muuzaji hakubisha, alikwenda nyuma akarudi na lingine. Nadhani alijua.

Aina ndiyo iliyonisumbua zaidi kuliko saizi, kwa sababu saizi ina jibu na aina ni suala la kujijua. Nilijiuliza bila kujipendelea: kati ya siku kumi, nipo kwenye vumbi au tope siku ngapi? Moja, na hiyo moja ni barabara iliyochongwa. Kwa hiyo yale meno makubwa yalikuwa ya gari la mtu mwingine, au la mimi ninayejiota. Nikachukua tairi la barabara kuu: meno yaliyobanana, mifereji minne mirefu inayozunguka tairi kwa ajili ya kutoa maji. Ubavuni pia kuna Treadwear 420, Traction A, Temperature A. Ya kwanza ni makadirio ya kudumu ikilinganishwa na tairi la kipimo lililopewa 100. Usiigeuze kuwa kilomita. Watengenezaji wanajipimia wenyewe, hivyo inasaidia zaidi kulinganisha matairi ya kampuni moja. Mimi nilitilia uzito zaidi Traction, inayohusu breki kwenye maji. Kuhusu M+S, herufi nyingine utakazozikuta ubavuni, usiipe uzito mkubwa. Ni neno la mwenye kiwanda kuhusu tope na theluji. Anayeendesha kwenye theluji ya kweli atafute alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani, hiyo ina jaribio nyuma yake.

Kufunga hakukuwa na makubwa. Fundi aliweka vali mpya, akabalansi, akafanya alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Nilichosimamia ni mawili: neno "outside" litokee nje magurudumu yote, na upepo ujazwe kwa kibandiko cha mlango. Alikuwa ameshaanza kuufuata ule ulioandikwa ubavuni mwa tairi, ambao ni kikomo cha tairi lenyewe, si kipimo cha gari langu. Nati nilizikagua tena baada ya kilomita kama 80. Moja ilikubali robo mzunguko.

Sasa, baada ya kilomita 11,000. Mvumo umeondoka, redio imerudi chini. Steringi inazungushwa kwa kiganja. Kwenye mvua gari linatulia kwenye breki kuliko nilivyozoea, na ile plastiki haijaguswa tena. Yalikuja na mifereji ya milimita 8. Juzi nimepima ya mbele nikapata 7, ya nyuma 7 na nusu, nami nimeyabadilisha nafasi, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Alama za kuchakaa ziko milimita 1.6, ila sitasubiri zifike huko, maana kabla ya hapo mifereji inakuwa imeshashindwa kutoa maji.

Lawama? Ipo. Ubavu ni laini, na jiwe moja kali limeshauacha na mkwaruzo unaonikera kila ninapoosha gari. Na ile siku moja kati ya kumi ilifika: mvua imenyesha, barabara iliyochongwa imegeuka uji, meno yaliyobanana yakajaa tope ndani ya mita ishirini na matairi yakawa kama sabuni. Tulisukuma. Mmoja wa waliosukuma akauliza, viatu vikiwa mkononi, yale matairi makubwa niliyapeleka wapi. Hata hivyo nisingeyarudisha.

Lililobaki ni lile la akiba, mwalimu wangu. Saizi yake sahihi, meno yake kamili, vinyweleo bado vipo. Nilipoligeuza nikasoma 3611. Lilitoka kiwandani wiki ya 36 ya 2011, na kando ya ubavu, karibu na ringi, kuna nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Watengenezaji wengi wanasema miaka kumi ndiyo mwisho, hata kwa tairi ambalo halijawahi kutembea. Nilinunua manne nikijiona nimemaliza. La tano nimeliagiza jana.