Unataka mlio wa sinthesaiza za zamani? Nunua kwa mpangilio huu

Tangu televisheni zihamie dijitali, kumwita mtu "analojia" ni kumtania kwamba kapitwa na wakati. Kwa watengenezaji wa muziki wa elektroniki ni kinyume. Ule mlio mnene unaoyumba kidogo, wa sinthesaiza (vinanda vinavyounda sauti kwa umeme) za miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80, unatoka kwenye saketi za analojia zisizotulia: joto likipanda, tyuni nayo inasogea. Leo watu wanailipia kasoro hiyo.

Ila si kila kinanda cha zamani ni analojia. Yamaha DX7 ya 1983, iliyojaza nyimbo za miaka ile kwa milio ya piano na kengele, ni dijitali. Ukiipenda nunua, lakini mlio ninaousema hapa hutaupata humo.

1. Korg Minilogue. Ilipotoka 2016 iliuzwa karibu dola 500. Tafuta ya mtumba. Inapiga noti nne kwa pamoja, na kila noti ina osileta mbili, yaani vyanzo viwili vya sauti. Sogeza tyuni ya osileta ya pili kidogo sana isilingane na ya kwanza, usikie sauti inavyonenepa na kuanza kutembea. Inatunza milio 200, kwa hiyo jukwaani huhangaiki kutafuta ulichokipata jana usiku. Vibonyezo vyake ni vyembamba. Mwenye vidole vinene atanung'unika wiki ya kwanza.

2. Behringer Model D. Inaiga Minimoog, sinthesaiza maarufu ya 1970: osileta tatu na lile chujio la mtindo wa ngazi, linalokata ukali wa sauti, alilolibuni mvumbuzi Robert Moog. Kwa besi, hakuna inayoigusa katika orodha hii. Kilichoinyima namba moja ni kwamba inapiga noti moja tu kwa wakati, haina kibodi, wala haina kumbukumbu. Ukipata mlio mzuri, vipige picha vitufe vyote kwa simu kabla hujagusa kingine.

3. Korg Volca Keys. Noti tatu, betri sita za AA, spika humohumo. Umeme ukikatika wewe unaendelea. Vibonyezo ni vya kugusa tu, si vya mpiga kinanda hasa, lakini mfuko ukiwa mwepesi anzia hapa.

4. Roland Juno-106. Najua nitarushiwa mawe kwa kuiweka mwisho. Ukiwasha korasi yake, yaani kile kitufe kinachoitanua sauti, ni tamu kuliko zote zilizotangulia. Tatizo ni umri: ni ya 1984, na chipu zinazobeba sauti zake sita, yaani noti sita inazoweza kupiga kwa pamoja, zinajulikana kwa kufa moja moja. Kabla ya kutoa hela, bonyeza noti sita ukizishikilia, moja baada ya nyingine. Ikisikika inayokwaruza au iliyo bubu, hesabu gharama ya fundi, tena fundi anayejua kazi hii si wa kila mtaa. Angalia na umeme pia. Zilizouzwa Japani zinatumia volti 100, ukutani kwetu ni 230. Mashine yangu ya kwanza kutoka huko niliichomeka bila transfoma. Ilitoa moshi kabla haijatoa noti.

Bei za Juno nazo zimepaa, na kwa fedha hiyohiyo unapata Minilogue na chenji ya kununua deki ya kaseti. Hiyo deki usiidharau. Nusu ya uzamani tunaousikia ni mkanda, si kinanda: mota inayokwenda kwa kusuasua kidogo, na sauti inayolainika inapouzidi mkanda nguvu. Safisha hedi, kile kichwa kinachogusa mkanda, kwa pamba yenye spiriti, rekodi mpaka sindano ya kipimo cha sauti iguse nyekundu, kisha rudisha sauti kwenye kompyuta. Hata Volca ya betri ikipita humo hutaitambua.