TAHADHARI: Msinunue "seramiki ya 9H" inayopuliziwa kwenye paking hapa Dar

Wenye magari na bodaboda wa Dar es Salaam, someni hili kabla hamjatoa hela. Na mwenye mzazi au jirani ambaye gari lake limeanza kupauka, amfikishie.

Kuna vijana wanazunguka kwenye paking za supamaketi, kwenye vituo vya mafuta, na nje ya makanisa na misikiti siku za ibada. Wamevaa fulana za kufanana, wanaongea vizuri, wana heshima: "Shikamoo mama, naomba dakika mbili tu, sikuuzii kitu." Mkononi wana chupa nyeusi ya kupulizia yenye maandishi ya dhahabu: seramiki, nano, 9H. Seramiki ni dawa inayopakwa juu ya rangi ya gari, ikauke kuwa tabaka gumu la kuikinga. Wanakwambia ukipulizia na kufuta na kitambaa umemaliza, jua haliigusi rangi kwa miaka 5, bodi haichuniki, na plastiki za bampa zilizogeuka kijivu zinarudi nyeusi moja kwa moja. Wanaanzia 120,000. Ukigeuka kuondoka wanashuka hadi 40,000. Wenzao wako Instagram: unalipa kwa simu, mzigo unaletwa, na ukija kulalamika namba haipatikani.

Mimi kazi yangu ni kung'arisha magari, na magari yaliyopuliziwa dawa hiyo yanaletwa kwangu. Dalili ni zilezile. Plastiki zilikuwa nyeusi tii mpaka mvua ya kwanza, halafu michirizi ikashuka kwenye rangi na vumbi likanasa kwenye utelezi uliobaki. Kioo cha mbele kinapakaa mafuta kila waipa zikipita, na usiku taa za gari linalokuja zinatawanyika kiooni usione barabara. Nikiosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto, karibu yote inatoka. Seramiki iliyokauka haitoki kwa sabuni, inatolewa kwa kupiga kompaundi, yaani dawa ya kusugulia rangi. Kwa jinsi inavyoteleza na inavyotoka, naamini kilichomo ni mafuta ya silikoni, tina kidogo na marashi.

Kinachowanasa watu ni maonyesho wanayofanya kwenye boneti. Wanamwaga maji, maji yanajikusanya matone na kuteleza chini. Ukweli ni kwamba kitu chochote chenye mafuta kinafanya hivyo: waksi ya kawaida, silikoni, hata mafuta ya kupikia. Matone yanakuambia juu ya rangi kuna kitu kinachokataa maji, basi. Hayakuambii ni kitu gani wala kitakaa muda gani.

Halafu wanamwagia boneti kimiminika kinachowaka na kuwasha kiberiti cha gesi. Moto unapanda, watu wanapiga kelele, wanaufuta, rangi iko salama. Kinachowaka pale ni mvuke wa kile kimiminika, unaisha kwa sekunde chache, na bati la boneti linatawanya joto haraka. Boneti lisilopakwa chochote nalo kwa kawaida lingepona kwa sekunde hizo. Angalieni vizuri: hawawashi kamwe juu ya bampa la plastiki.

Hiyo 9H ndiyo inayowachanganya hata watu wasomi. Utaambiwa almasi ni 10, kwa hiyo 9H imeikaribia almasi. Hizo ni skeli mbili zisizohusiana. Almasi ni 10 kwenye skeli ya Mohs, inayopima ugumu wa madini. H ya 9H ni ya penseli: wanachukua penseli za ugumu tofauti, wanakwaruza tabaka lililopakwa, na 9H ndiyo penseli ngumu kuliko zote kwenye kipimo hicho. Kwa hiyo 9H maana yake penseli ngumu haikuacha alama. Mchanga wetu una kwatzi, na kwatzi ni 7 kwenye Mohs, ngumu kuliko klia (tabaka angavu la juu ya rangi) ya gari lolote. Ukifuta gari lenye vumbi kwa kitambaa kikavu, mikwaruzo itabaki, hata ungepakwa seramiki ya bei kubwa kuliko zote.

Seramiki ya kweli ipo, naipaka, na sitaki mtu aikatae kwa sababu ya matapeli. Nyingi huja kwenye kichupa kidogo cha mililita 30 au 50, na kinatosha gari zima. Kabla ya kuipaka, gari linaoshwa, linatolewa chembe za chuma na lami, linasuguliwa kwa udongo maalumu, linapigwa kompaundi kuondoa mikwaruzo, halafu linafutwa kwa spiriti ili pasibaki mafuta. Inapakwa kivulini, bodi ikiwa ya baridi, kipande kwa kipande, kwa sponji ndogo. Baada ya hapo gari halitakiwi kuguswa na maji walau kwa siku nzima. Kazi hiyo inakula siku moja au zaidi. Anayekupulizia juani saa saba mchana, juu ya vumbi, akamaliza wakati unasubiri chenji, hajakupaka seramiki hata kama chupa ingekuwa halali.

Zipo pia dawa halali za kupulizia zenye silika kidogo (kiini cha seramiki) ndani yake. Hizo hudumu wiki kadhaa au miezi michache, ukiziweka juu ya rangi safi zinasaidia, na muuzaji mkweli atakuambia hivyo hivyo. Uongo uko kwenye ile miaka 5.

Sasa hatari, maana hela unaweza kuitafuta tena. Vijana hawa wanapulizia kila mahali, hadi rimu. Silikoni ikiingia kwenye diski ya breki, breki haishiki. Kwa bodaboda ni mbaya zaidi: kama ina diski, iko wazi, tairi ziko mbili, na kiti kikipuliziwa abiria anateleza. Ndugu zangu wa bodaboda, msiruhusu mtu apulizie pikipiki yenu kitu chochote chini ya tangi.

Kuna na mapafu. Machi 2006 huko Ujerumani, dawa ya kupulizia iliyoitwa Magic Nano, ya kukinga vioo na vigae, iliondolewa sokoni baada ya makumi ya watu kupata shida ya kupumua, na baadhi yao kulazwa mapafu yakiwa na maji. Uchunguzi ulipofanyika, hata hizo chembe za nano (chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho) hazikukutwa ndani yake. Kwa hiyo chupa isiyotaja kilichomo wala aliyeitengeneza, usiipulizie gari likiwa limefungwa vioo na mtoto yuko ndani. Nimeona wakipulizia dashibodi hivyo, na iliniuma.

Ukija kupeleka gari kupigwa rangi, mwambie fundi mapema kwamba lilipuliziwa. Silikoni ikibaki, rangi mpya inakataa kushika na kutoa vishimo vidogo vya mviringo, naye atalaumiwa kwa kosa lisilo lake.

Kama tayari umepuliziwa, anza na breki. Jaribu mahali pasipo na watu, mwendo mdogo. Zikiteleza, usiendelee kuendesha, ita fundi asafishe diski kwa dawa ya breki na aangalie pedi, maana pedi iliyokunywa mafuta mara nyingi hubadilishwa. Kioo cha mbele kioshe kwa sabuni ya vyombo kisha spiriti, na mipira ya waipa uifute hivyo hivyo. Plastiki osha kwa brashi laini mpaka maji yatoke safi. Chupa usiitupe. Ipige picha pande zote, hifadhi ujumbe wa malipo, na upeleke malalamiko Tume ya Ushindani, ambao wanashughulikia bidhaa bandia, au TBS (Shirika la Viwango). Namba ya simu iliyokutapeli itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Na atakayekufuata kesho paking, mwombe risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) kabla hajagusa gari lako.