Duka la mitumba la shule ya matajiri: nyota nne

Mimi nimekulia mitumba ya soko la Kongowea, Mombasa. Najua beli likifunguliwa uwe wapi, najua kukagua kwapa na ukosi kabla ya kuuliza bei, najua kuondoka hatua tatu ili niitwe nirudi. Kwa hiyo nikisema hili duka ni zuri, niaminini.

Duka lenyewe ni chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa michezo, kwenye shule ya kulipia kusini mwa England anakosoma mwanangu kwa ufadhili. Jina la shule nalihifadhi. Hufunguliwa Jumatano jioni na Jumamosi moja kila mwezi. Wauzaji ni akina mama wa wanafunzi wanaojitolea. Ukileta nguo ikanunuliwa, nusu ya pesa ni yako, nusu ya chama cha wazazi.

Bei sasa. Koti la shule jipya, kule duka rasmi la mjini, ni pauni 135. Hapa 30. Fulana ya raga 8, njumu 5, soksi sitaki hata kusema. Ile sheria ya 2021 ya kupunguza gharama za sare inazibana shule za serikali tu. Hizi za kulipia zikitaka soksi za rangi tatu, unanunua rangi tatu. Orodha yetu ilikuwa na vitu 23, kinga ya meno ikiwemo. Vyote vipya nilijumlisha nikapata pauni 610. Hapa nilitoka na mifuko miwili kwa 118. Hiyo tofauti ni zamu zangu nne za usiku hospitalini.

Siku ya kwanza niliingia kama mwizi. Nilivizia nusu saa ya mwisho, nikitarajia kukuta wanyonge wenzangu wawili watatu tusiangaliane usoni. Nikamkuta mama aliyeegesha Range Rover mlangoni, kapiga magoti anachakura sanduku la soksi, mwenye raha zake. Muuzaji (moyoni nimembatiza Mama Hugo, maana kumwita jina lake kavu kavu, kama anavyotaka, mdomo wangu haukubali) akaniona nimeshika koti zuri, halina hata alama. Akalirudisha kwenye henga. Akanipa jingine, viwiko vinang'aa kwa kusuguliwa madawati, mfuko umeshonwa upya. Hili ndilo, akasema, lile litamwonyesha mtoto kuwa mgeni.

Ikabidi nifikirie njia nzima ya kurudi nyumbani. Kwetu, mtoto wa mwenye nacho utamjua kwa mkunjo wa pasi, na koti lililochakaa ni la kuficha. Huku lililochakaa ndilo la wenyewe. Jipya linatangaza kuwa mmefika jana. Nilipomsimulia mamangu kwa simu akanyamaza, kisha akauliza, "Yaani umevuka bahari yote hiyo ukamvishe mjukuu wangu mitumba?" Nikamwambia hii ni mitumba kabla haijapanda meli, mama. Hakucheka.

Na usidhani mambo haya ya nani mgeni ni ya leo. Eton yenyewe, ile shule maarufu ya matajiri wa huku, Mfalme Henry VI aliianzisha mwaka 1440 ili wavulana maskini 70 wasome bure. Sasa karo yake inapita pauni 60,000 kwa mwaka. Yetu haifiki hata nusu ya hapo, na ufadhili unabeba asilimia 80, lakini Januari 2025 serikali ilipoweka VAT ya asilimia 20 kwenye karo, sehemu yangu ilitoka pauni 1,300 hadi 1,560 kwa muhula. Tangu hapo foleni ya duka imekua. Wengine nawaona walikuwa wanakuja kwa mazoea, sasa wanakuja kwa shida. Nawajua kwa mkono: mkono unakwenda kwenye kibandiko cha bei kabla ya kufika kwenye kitambaa.

Nyota ya tano nimeinyima kwa jambo moja. Siku ile ya kwanza, nikiwa nahesabu noti, Mama Hugo akaniambia kwa sauti ya kuita basi kwamba wenye ufadhili hawalipi chochote, niseme tu niko kwenye orodha. Nyuma yangu wamesimama watu watano. Alikuwa na nia njema, nakubali. Nikalipa 118 zote. Wekeni karatasi ukutani, mtu asome mwenyewe.

Ushauri kwa anayekwenda: nenda mwishoni mwa Juni, wanaohitimu wanapomwaga vitu. Agosti saizi za watoto warefu zimekwisha. Na chukua kiwembe cha kufumulia. Nilipofumua utepe wa jina ndani ya koti letu, chini yake nikakuta mwingine, na chini ya huo wa tatu, wavulana watatu wa ukoo mmoja, jina la ukoo lile refu lenye kistari katikati. Wa juu nikaurudishia, nikashona wa mwanangu juu ya wote.

Sasa linambana mabegani. Juni nalirudisha dukani na tepe zake nne, na wakilipanga kwa pauni 20, kumi ni zangu.