TAHADHARI: Mashine za kuoshea makapeti za "mota mbili, wati 3000" zinazouzwa Kariakoo

Wadau wa usafi, hasa mnaoanza biashara ya kuosha makapeti na masofa majumbani, naomba msome hili kabla hamjatuma hela kwa mtu. Kuna muuzaji hapa Dar, ana duka Kariakoo na ukurasa wa Instagram wenye wafuasi wengi, anauza mashine za kufulia makapeti anazoziita za mota mbili, wati 3000. Jina silitaji kwa sababu malalamiko yameshafikishwa panapohusika, na kwa sababu mchezo huu hauchezwi na yeye peke yake. Nitaeleza unavyokwenda ili mkiuona popote muutambue.

Dada mmoja ninayefanya naye kazi Tabata alinunua mashine hapo kwa hela ya kikoba. Dukani alionyeshwa moja ikimaliza ndoo ya maji kwa sekunde chache, akaridhika, akalipa. Aliyofungiwa kwenye boksi ikatolewa stoo. Alipoomba apewe ileile iliyojaribiwa mbele yake, akaambiwa ile ni ya maonyesho, hizi za stoo ni mpya na ni zilezile. Haikupita muda ikaanza kutoa harufu ya kuungua, kisha ikazima katikati ya sebule ya mteja, kapeti limelowa chapachapa. Kuirudisha dukani, jibu likawa tayari mdomoni: "Umeingiza maji kwenye mota mwenyewe. Waranti haihusu maji." Mashine ameiuza kwa kazi ya kunyonya maji, halafu waranti anaikataa kwa sababu ya maji!

Tuliifungua na fundi. Juu kuna swichi mbili, na zote ukibonyeza zinawaka taa nyekundu. Ndani, nyaya za swichi ya pili zinaishia kwenye taa yake tu. Tundu la mota ya pili limezibwa kwa kipande cha plastiki kilichofungwa skrubu. Na hiyo mota moja iliyopo, fundi alikwangua waya wa koili yake kwa wembe: juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Ni alumini iliyopakwa rangi.

Lakini kilichoniuma zaidi ni aina yenyewe ya mota. Mota ya vakyumu ya vumbi hupozwa na hewa ileile inayoinyonya: hewa inapita kwenye feni, halafu inapita katikati ya koili na kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) ndipo inatoka. Kwa vumbi kavu haina shida, maana kuna mfuko wa kuchuja mbele yake. Ukiifanyisha kazi ya maji, unyevu unapelekwa moja kwa moja kwenye umeme. Mota inayofaa kwa maji ina njia mbili za hewa zisizokutana: hewa yenye unyevu inatolewa pembeni chini, na juu kuna feni ndogo ya pili inayovuta hewa safi ya kupoza koili. Ile ya dada ilikuwa na feni moja tu, yaani ni mota ya vumbi iliyowekwa kwenye ndoo ya maji. Hata angeitunza kama yai, ingeungua tu.

Nasema hivi kwa sababu muuzaji anategemea kwamba wengi wetu hatujui matunzo, hivyo akikurushia lawama utanyamaza. Basi yajue, umnyime hiyo nafasi. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia nguo wala ya vyombo. Tumia sabuni ya makapeti yenye povu dogo. Povu ndilo adui mkubwa wa mota, kwa sababu boya linalozuia maji machafu yasipande juu hunyanyuliwa na maji, ila povu haliwezi kulinyanyua, linapenya na kuingia kwenye mota. Ukiona povu linapanda, zima, mwaga, suuza tangi. Maji machafu yamwage kabla tangi halijajaa. Kichujio kisafishe kila ukimaliza kazi, kisha pitisha maji safi kwenye pampu ya kunyunyizia sabuni mpaka nozeli, yaani tundu la kutolea maji, itoe maji yasiyo na sabuni, la sivyo sabuni inakaukia humo na kuziba. Mwisho chomoa mpira wa kunyonyea, acha mota izunguke dakika mbili tatu bila maji ikauke, na tangi uliache wazi usiku kucha. Mashine ya kweli ukiifanyia hivyo inadumu, na kaboni zikiisha unabadilisha tu.

Sasa, kumkamata kabla hujalipa. Wati 3000 kwa umeme wetu wa volti 230 ni kama ampea 13. Nenda na fundi umeme mwenye mita ya kubana waya, washa swichi zote mbili, mpira ukiwa wazi, na abane waya mmoja tu, kwa sababu akibana kebo nzima itasoma sifuri. Ikisoma ampea 5 au 6, hiyo ni mota moja. Kama umeshainunua na ipo nyumbani, LUKU itakwambia ukweli: zima kila kitu kingine ndani, iendeshe dakika 20 bila kuziba mpira, maana mota ikizibiwa hewa hula umeme kidogo. Wati 3000 za kweli zitakula karibu uniti moja. Mashine nyingine ya duka hilohilo, ambayo bado inafanya kazi, tuliipima hivyo na haikufika hata nusu uniti.

Kuna na mchezo mwingine mdogo, wa mashine za mtumba kutoka Marekani. Zile zinatumia volti 120, na wapo wanaobandika karatasi ya "220V" juu ya kibao cha kiwandani. Bandua karatasi usome. Ukiichomeka kwenye umeme wetu bila transfoma, mota inaungua palepale.

Kingine, msitume hela kwa namba binafsi ya simu ya muuzaji ambaye hamjafika dukani kwake, hata kama video zake ni nzuri kiasi gani. Na mkifika, chukueni mashine ileile mliyoijaribu, hata kama boksi lake limechanika. Daini risiti ya EFD, na kwenye ankara aandike kwa mkono wake: mota mbili, wati 3000, ya kunyonya maji, pamoja na namba ya mashine. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu ubora wa bidhaa. Akikataa kuandika, ondokeni. Risiti ya dada iliandikwa "vakyumu 1" basi, na hapo ndipo muuzaji anapojificha mpaka sasa.

Walioshauziwa: msimwachie muuzaji mashine "akaitazame" bila kuipiga picha ndani na nje, swichi, nyaya, mota na kibao chake. Kuna mwenzetu aliiacha, ikarudi na mota nyingine na ushahidi wote umeondoka. Picha na risiti mpeleke Tume ya Ushindani, FCC, wanapokea malalamiko ya walaji. Sisi tumeshapeleka ya kwetu, na mkienda wengi wenye malalamiko ya aina hii itakuwa vigumu kwake kusema kila mmoja wetu aliingiza maji mwenyewe.